Mama, Ndani Yangu Kuna Shetani?

Bwana asifiwe, Mama Mshauri.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mboga hapa Kayole. Huwa nasoma majibu yako jioni nikingoja wateja, lakini sikuwahi kudhani kwamba siku moja mimi ndiye nitakayeandika. Nisamehe barua ikiwa ndefu.

Kifungua mimba wangu ana miaka 12. Alipokuwa na miaka sita tulienda ushago likizo ya Agosti, akashikwa na malaria iliyopanda kichwani. Alilazwa siku mbili bila kujitambua. Akapona, tukamshukuru Mungu, lakini miezi michache baadaye akaanza kuanguka. Daktari akasema ni kifafa na kumwandikia vidonge, kimoja asubuhi na kimoja usiku. Kabla ya dawa alikuwa akianguka hata mara tatu kwa wiki. Baada ya dawa ikawa mara moja kwa mwezi, na miezi mingine hakuna kabisa. Shuleni yuko darasa moja na wenzake wa rika lake, na hesabu anaziweza kuliko mimi.

Mwaka huu jirani alinialika kwenye kesha la Ijumaa katika kanisa moja la karibu. Sikuwa nimemwambia mtu habari za mtoto, labda huyo jirani tu. Saa saba usiku Nabii akaniita mbele pamoja na kijana wangu. Akasema anaona roho ya mauti iliyotumwa kutoka upande wa baba, na kwamba kuna nguo aliyopewa mtoto ndiyo inayoivuta. Wakamlaza chini, wanaume wanne wakamshika, wakamwagia maji, wakapiga kelele "Toka! Toka!" Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Alipotulia wakasema imetoka. Nabii akaniambia kuanzia siku hiyo nisimpe dawa tena, maana anayemeza dawa baada ya kuombewa anamwambia Mungu ni mwongo. Akaniambia pia nipande mbegu ya kuufunga uponyaji. Nilikuwa nimepokea zamu yangu ya chama, Sh15,000. Nilizituma kwa simu pale pale, kwa ile namba iliyobandikwa ukutani.

Nguo niliijua mara moja. Mama mkwe alimfumia sweta ya kijani kwa mkono alipofika darasa la nne. Niliichoma kwa jiko usiku huo huo.

Wiki tatu mtoto hakuanguka. Nikapanda madhabahuni nikashuhudia, wakanirekodi, video ikazunguka kwenye simu za watu mpaka mwalimu wake wa darasa akaiona.

Wiki ya nne, Jumanne jioni, nilikuwa nakata sukuma wiki mlangoni. Yeye alikuwa ndani, ameinamia jiko anapuliza makaa nimpikie chai. Nilisikia sufuria ikianguka. Nilipogeuka mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya makaa na mwili wote unatetemeka. Nilimvuta. Alitetemeka kuliko siku zote, sijui ni dakika ngapi, mimi napiga kelele "Damu ya Yesu" na majirani wamejaa mlangoni wanaangalia. Halafu akalala fofofo.

Nabii anasema roho ile imerudi na wenzake saba kwa sababu ya shaka yangu. Na ni kweli, Mama, vidonge sikuvitupa. Nilivificha kwenye mkebe wa majani chai. Anasema huo ndio mlango niliomwachia adui. Sasa anataka mbegu ya Sh30,000 na mfungo wa siku tatu bila chakula wala maji, mimi na mtoto. Baba watoto amekasirika, anasema atampeleka mtoto kwa mama yake. Mimi naogopa kumrudisha kijana wangu kwa yule aliyemtumia sweta.

Usiku ule nikimpaka mafuta mkononi aliniuliza, "Mama, ndani yangu kuna shetani?" Nilishindwa kumjibu. Nilimwambia alale.

Mungu alimponya au hakumponya? Nikirudia dawa nitakuwa nimeuza uponyaji wa mtoto wangu kama Esau alivyouza haki yake? Na huu ugonjwa ni wa Shetani ama si wa Shetani? Tafadhali usiniambie niache imani. Mama yangu mzazi aliombewa akapona, niliona kwa macho yangu.

Mama Mboga,
Kayole, Nairobi

*

Dada yangu, Bwana asifiwe.

Kabla hatujafungua Biblia, mtoto aende kliniki leo. Nasema leo, usingoje Jumapili ipite. Beba ule mkebe wa majani chai na vidonge vyake, beba kitabu chake cha kliniki, uwaambie ukweli wote: ameacha dawa karibu mwezi mzima, Jumanne alitetemeka muda mrefu, na ameungua mkono. Usimrudishie dozi ya zamani kwa kukisia, kwa kuwa kuna dawa za kifafa ambazo zikishaachwa hurudishwa kidogo kidogo, na anayejua ni daktari. Kidonda cha moto kiangaliwe na muuguzi siku hiyo hiyo.

Mfungo wa siku tatu bila maji, hapana. Mtoto mwenye kifafa hafungishwi hivyo. Na kesha nalo lina deni lake hapa: kukosa usingizi ni moja ya mambo yanayojulikana sana kwa kuchochea kifafa, na wewe ulimtoa kitandani ukamsimamisha mbele ya watu saa saba usiku. Sikulaumu, hukujua. Lakini sasa unajua.

Akianguka tena kabla hujafika huko, mgeuze alale ubavu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, ondoa jiko na kila kilicho karibu. Msimshike kwa nguvu, msimwagie maji, msimtie kijiko mdomoni. Angalia saa. Zikipita dakika tano bado anatetemeka, au akirudia kabla hajazinduka, tafuteni gari la hospitali haraka, iwe ni usiku wa manane. Kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta mtetemeko usiokoma, na huo huua.

Sasa tukae tuzungumze.

Mimi ni mzee wa kanisa. Mikono hii imepaka wagonjwa mafuta kwa miaka mingi, kama Yakobo 5:14 inavyoagiza, kwa hiyo usihofu kwamba nitakucheka kwa kuamini miujiza. Nimemwona mama aliyerudishwa nyumbani ili afie kwake, na mwaka uliofuata akaja kanisani kwa miguu yake. Nimemwona pia kijana wa kwaya tuliyemwombea siku arobaini, tukazunguka kitanda chake tukiimba, na tukamzika Jumamosi. Imani yetu ilikuwa ile ile kwa wote wawili. Watu walikuwa wale wale. Ukiona mtu anakuambia ana kanuni inayoeleza kwa nini huyu akapona na yule akafa, ujue hajakaa sana na wagonjwa.

Umeniuliza kama ugonjwa huu ni wa Shetani. Najua andiko walilokusomea, kwa sababu ndilo linalosomwa kila mara: Marko 9, yule kijana aliyetupwa katika moto na katika maji. Na sasa mwanao ameangukia moto, kwa hiyo bila shaka wamekuambia, "Unaona?" Sitakuficha kwamba andiko hilo ni zito. Linasema wazi kwamba pepo alikuwamo, na Yesu akamkemea. Ninaliamini kama lilivyo. Lakini lisome polepole, dada, uangalie mikono ya Yesu inafanya nini.

Kwanza alimwuliza baba, "Amepatwa na haya tangu lini?" Aliuliza swali ambalo daktari wako aliliuliza siku ya kwanza. Kisha baba akakiri kwamba imani yake ni nusu nusu: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumwambia shaka yake imefungulia adui mlango. Alimponya mtoto wa mtu mwenye shaka, mbele ya wanafunzi ambao walikuwa wamejaribu wakashindwa, na hata baada ya kushindwa hakuna aliyemtupia mtoto lawama. Mstari wa 25 unasema alipoona umati unakusanyika mbio ndipo alipomkemea yule pepo. Mimi naona hapo Bwana anayewahi kummalizia mtoto mateso kabla watazamaji hawajajaa. Nyinyi mlikuwa na kamera. Halafu mstari wa 27: akamshika mkono, akamwinua. Mkono mmoja, wa kumwinua. Mwanao alishikwa na wanaume wanne.

Halafu soma Mathayo 4:24. Wanaoletwa kwa Yesu wametajwa mmoja mmoja: wenye pepo, na wenye kifafa, na wenye kupooza. Mwinjilisti yule yule aliyeandika habari za kijana wa kifafa na pepo wake katika sura ya 17, hapa anaviweka mbalimbali. Alijua kwamba si kila anayeanguka ana pepo. Kwa mwanao tunajua hata ilipoanzia. Malaria ikipanda kwenye ubongo inaweza kuacha kovu, na kovu hilo baadaye likaleta kifafa. Watafiti wa Kilifi wamelichunguza jambo hilo kwa miaka mingi katika watoto wetu wa Pwani. Shirika la Afya Duniani linasema watu takriban milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Mwanao alikuwa njiani kuelekea huko, kutoka mara tatu kwa wiki hadi mara moja kwa mwezi.

Je, basi Shetani hayumo kabisa? Yumo. Hapa ndipo ningetaka unisikilize zaidi, kwa maana naona walikuelekeza macho upande usio wake.

Biblia inamwita mwongo na baba wa uongo. Ufunuo 12:10 inamwita mshitaki wa ndugu zetu, anayewashitaki mchana na usiku. Hizo ndizo kazi zake, kudanganya na kushitaki. Basi rudi kwenye barua yako uangalie nani alishitakiwa. Mtoto wa miaka 12 alishitakiwa kwamba amebeba mauti ndani yake. Bibi aliyekaa na nyuzi na sindano akimfumia mjukuu wake sweta alishitakiwa uchawi, naye hayupo ajitetee. Wewe ulishitakiwa shaka. Baba watoto ameshitakiwa kupitia mama yake. Nyumba nzima imewekwa kizimbani, na mtoto amelala gizani akijiuliza kama yeye ni makao ya ibilisi. Ukitaka kuona nyayo za adui, zitafute hapo. Paulo alisema kushindana kwetu si juu ya damu na nyama, na mama mkwe wako ni damu na nyama.

Wakuulize tena kuhusu zile roho saba, waambie wamalizie mstari. Mathayo 12:45 inaisha hivi: "Ndivyo itakavyokuwa kwa kizazi hiki kibaya." Yesu alikuwa akijibu waandishi na Mafarisayo waliodai ishara. Hakuwa akimsema mama aliyeficha vidonge kwenye mkebe kwa sababu moyo wake ulikataa kumwacha mtoto bila kinga. Na mimi sidhani kwamba ilikuwa shaka iliyokufanya uvifiche. Nadhani yule Roho aliye ndani yako alikuzuia mkono usivitupe.

Kuhusu wiki tatu bila kuanguka, nitakuambia ninavyoelewa. Wewe mwenyewe umeandika kwamba akiwa kwenye dawa alikuwa anaanguka mara moja kwa mwezi, na miezi mingine hakuna. Wiki tatu za utulivu alikuwa nazo hata kabla ya kesha. Tena dawa nyingine za kifafa hubaki mwilini siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Kwa hiyo swali lako, Mungu alimponya au hakumponya, nalijibu hivi: uponyaji mkamilifu wa ghafla haukutokea usiku ule. Lakini kumponya, alikuwa anamponya tayari, miaka sita sasa, asubuhi na usiku, kidonge kimoja kimoja. Hata siku ile alipozinduka hospitalini baada ya siku mbili ulikuwa mkono wake.

Hakuna uuzaji wa Esau hapa. Esau aliuza alichokuwa nacho kwa bakuli la dengu. Wewe ukirudi kliniki unakwenda kuchukua alichopewa mwanao. Hezekia aliambiwa na nabii Isaya mwenyewe kwamba Mungu amesikia maombi yake na atamwongezea miaka 15, na nabii huyo huyo akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi na dawa katika sura moja, 2 Wafalme 20. Paulo ambaye vitambaa vyake viliponya watu alimwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, akamwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, na alisafiri na Luka, "yule tabibu mpendwa". Yeye mwenyewe aliomba mara tatu mwiba uondolewe, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Nani atasema Paulo alikosa imani?

Watakutajia Isaya 53, "kwa kupigwa kwake sisi tumepona." Amina, tumepona. Petro alipolinukuu andiko hilo alilieleza kwa habari za dhambi zetu, na Mathayo alipolinukuu alilieleza kwa magonjwa ambayo Yesu aliyaondoa, kwa hiyo mwili umo na roho imo. Lakini Warumi 8 inasema hata sisi tulio na malimbuko ya Roho tunaugua, tukiutazamia ukombozi wa mwili wetu. Malimbuko ni yale mahindi machache ya kwanza, na wewe unayeuza sokoni unajua kwamba debe moja la kwanza halimaanishi shamba lote limevunwa. Kila aliyeponywa na Yesu Galilaya alikuja kufa baadaye. Lazaro alifufuliwa, na Lazaro alizikwa tena. Muujiza wa uponyaji ni ule mkono wa kwanza wa mahindi. Mavuno yenyewe ni ile siku ya Ufunuo 21 ambayo mauti haitakuwapo tena. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kila Mkristo mwenye imani lazima awe mzima leo amekupa ahadi ambayo Maandiko hayakuitoa kwa leo.

Ukitaka kupima kama Mungu amemponya mwanao kabisa, ipo njia, na Yesu mwenyewe aliionyesha. Aliwaambia wenye ukoma kumi, "Enendeni, mkajionyeshe kwa makuhani," maana makuhani ndio waliokuwa wakikagua ngozi na kutangaza mtu ametakasika. Uponyaji wa Mungu hauogopi kukaguliwa. Mwanao akikaa kama miaka miwili hivi bila kuanguka kabisa, madaktari mara nyingi huanza kufikiria kupunguza dawa, polepole, wakimtazama. Siku hiyo ikifika nitafurahi nawe, na ushuhuda wako utasimama mbele ya mtu yeyote. Yule aliyemwambia Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu kwa kuwa malaika watamdaka alikuwa Ibilisi, na alitumia andiko. Jibu alilopewa ni, "Usimjaribu Bwana Mungu wako." Kumwachisha mtoto dawa za kifafa ghafla ili kuthibitisha imani ni kujitupa kutoka kinarani, tena kwa mwili wa mtu mwingine.

Ukanda huu wetu umeshalipa gharama ya mafundisho ya namna hiyo. Aprili 2023 tulianza kuhesabu makaburi katika msitu wa Shakahola, Kilifi, hadi miili ikapita 400, wakiwemo watoto wengi, watu waliofungishwa njaa wakiambiwa wanakwenda kumwona Yesu. Simfananishi nabii wa mtaani kwenu na yaliyotendeka kule. Ila mtu akiniambia mtoto afunge siku tatu bila maji, mimi nasikia jina hilo.

Kanisa lenyewe halikuwahi kuwa adui wa dawa. Askofu Basili wa Kaisaria alijenga nyumba ya kuwatibu wagonjwa katika karne ya 4. Hapa kwetu, ukiuliza nani alianzisha hospitali za Kijabe, Kikuyu, Tumutumu au Mater, utaambiwa wamishonari, wachungaji, masista. Huko watu huomba kabla ya upasuaji na bado kisu kinachemshwa.

Habari za pesa sitazikalia sana. Elisha alikataa zawadi ya Naamani baada ya kumponya ukoma, na Gehazi mtumishi wake aliyeikimbilia zawadi hiyo kwa siri akaondoka na ukoma wenyewe. Yesu aliwatuma wanafunzi waponye wagonjwa na watoe pepo, akaongeza, "Mmepata bure, toeni bure." Sh30,000 usitume. Zile 15,000 una haki ya kuziomba zirudishwe, ingawa sikupi matumaini makubwa, na usijiumize roho kwa ajili yake. Chama kitazunguka tena.

Najua linalokuuma zaidi ni ile video. Umesimama madhabahuni ukasema mtoto amepona, na sasa unaona aibu, mwalimu ameona, majirani wameona. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Nenda shuleni kesho kutwa, mwambie mwalimu wa darasa: mwanangu ana kifafa, amerudi kwenye dawa, akianguka mfanyie hivi na hivi. Muda wa dakika tano utatosha. Ukimwachia video iseme kwa niaba yako, siku mtoto akianguka darasani mwalimu atadhani ni pepo amerudi na watoto watakimbia. Kanisani si lazima ujieleze kwa mtu. Kama hapo hapakaliki, na mimi naona hapakaliki, tafuta kanisa ambalo wazee watamwekea mtoto mikono na baadaye wakuulize kama amemeza dawa ya usiku.

Mama mkwe wako mpigie simu. Mwache baba watoto akae karibu asikie. Mwambie mtoto ameungua mkono, mwambie sweta ilichomwa na ni wewe uliyeichoma, na umwombe msamaha kwa maneno machache. Ni jambo gumu, nalijua. Lakini mwanamke huyo ndiye aliyemwuguza mjukuu wake nawe wakati wa malaria, kama nimekuelewa vizuri kwamba mlikuwa kwake, na hajui hadi leo kwamba alishitakiwa kwenye kesha.

Limebaki swali moja, nalo hukuniuliza mimi. Aliuliza kijana wako na hajajibiwa bado.

Leo mkitoka kliniki, kabla hajalala, kaa kitandani kwake umshike ule mkono mzima. Mwambie: "Ulikuwa umeniuliza kitu na sikukujibu, kwa sababu niliogopa. Hapana. Ndani yako hakuna shetani. Ulipokuwa mdogo malaria iliumiza mahali padogo kwenye ubongo wako, na pale mahali mara nyingine hupiga stima vibaya, ndiyo maana unaanguka. Dawa zinapatuliza. Ni ugonjwa, kama macho ya yule rafiki yako anayevaa miwani. Wanafunzi walimwuliza Yesu habari za kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu akasema, 'Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake.' Na mimi nilikosea kuwaacha wale watu wakushike. Nisamehe."

Halafu mpe kidonge na maji kama daktari atakavyokuwa amesema, muombe pamoja, kwa sauti ya kawaida ya nyumbani. Akiuliza sweta iko wapi, mwambie nyanya ameombwa afume nyingine, na kwamba safari hii achague rangi mwenyewe.

Niandikie ukishatoka kliniki.

Mama Mshauri